Kutaka radhi Lamu: mwongozo wa maneno, mikono na sahani

Ukigombana na mtu katika mji mkubwa waweza kumaliza mwaka usimwone uso. Lamu hilo haliwezekani. Vichochoro vya Mkomani na Langoni ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akipita, watu hujibanza kwenye daka la nyumba, ukumbi mdogo wa nje mlangoni, wampishe, na huenda huyo uliyejibanza naye ndiye mnayenyimana salamu tangu juzi. Utamkuta msikitini safu moja nawe, utamkuta dukani Usita wa Mui, njia kuu ya mji, utamkuta kwenye boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, goti kwa goti. Ndiyo maana wazee wetu hawakuliacha jambo la kupatana lijiendee. Waliliwekea taratibu, na taratibu hizo zingalipo, ila vijana wengi hawakufundishwa, na waliooa au kuolewa hapa kutoka bara huziona kwa nje tu: sahani imepita, mtu amebusu mkono, na wawili waliokuwa hawasemezani wako barazani wanakunywa kahawa.

Nitazieleza kwa mpango zinavyokwenda. Nianze na lile ninaloliamini kuliko yote: zawadi haimtakii mtu radhi. Radhi hutakwa kwa ulimi, haki hurudishwa kwa mkono, kisha zawadi ndiyo hulifunga jambo. Anayetanguliza halua na kuuchelewesha ulimi huambiwa kwamba amekuja kununua, na wanaomwambia hivyo hawamwonei.

Anza na haki ya mtu

Kabla hujafikiria cha kubeba, jiulize umemkosea nini hasa. Ikiwa kitu chake kiko kwako, au kimeharibika mkononi mwako, hicho ndicho cha kwanza. Dini iko wazi hapa: yaliyo baina ya mtu na Mola wake hutubiwa kwake, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe.

Chukua mfano wa wavuvi. Umeazima wavu wa mwenzio, ukaupitisha penye miamba, ukararuka. Usimpelekee samaki. Ushone wavu kwanza, au umpe anayejua kushona, kwa uzi wa aina ileile na macho ya kipimo kilekile, kwa sababu macho yakipanuka samaki watampita na kila akivua atakukumbuka. Maboya na chubwi, yaani vizito vya wavu, zilizopungua zitie. Kisha utandaze wavu mbele yake pwani, auone kutoka ncha hadi ncha, aupitishe mkono pale palipokuwa na tundu. Hapo mwambie neno lako la radhi. Kitoweo kitafuata siku nyingine utakaporudi baharini.

Deni la pesa lipe lote ukiweza. Ukiwa huwezi, taja siku na uitimize. Kutuma kwa M-Pesa hakuna ubaya wowote, maana hilo ni deni, si zawadi. Ubaya ni kutuma pesa na ujumbe wa "samahani" pamoja, kisha ukajiona umemaliza.

Maneno nayo yana haki yake. Ukimvunjia mtu heshima barazani, heshima hiyo hurudishwa barazani, mbele ya walewale waliosikia. Ukimtukana mbele ya watu ukaenda kumtaka radhi chumbani, umelipa nusu. Kundi la WhatsApp ni baraza pia: kosa lililoandikwa pale litakiwe radhi palepale, lakini baada ya kuonana na mwenyewe uso kwa uso, na kwa sentensi mbili tu. Usikisimulie kisa upya kwa wale waliokuwa hawakijui.

Siku na saa

Siku ya ugomvi kaa kwako. Hasira ya leo huharibu hata neno zuri. Lakini zisipite siku 3, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na akasema mbora wa wawili hao ni anayeanza kutoa salamu. Mtaani watu wanahesabu. Siku ya nne majirani huanza kuulizana, na wakishaanza kuulizana ugomvi si wenu tena.

Saa nzuri ni baada ya sala ya alasiri. Jua limepunga, watu wameamka na usingizi wa mchana, madaka yana kivuli. Kwa wanaume, baada ya sala ya Ijumaa pia kuna upole mioyoni. Usiende wakati wa chakula cha mchana. Utamlazimisha akukaribishe kula, na mtu mwenye uchungu hafai kulazimishwa ukarimu.

Mjumbe, ikiwa anahitajika

Ugomvi mdogo hauhitaji mjumbe. Ukimpelekea mtu mjumbe kwa neno la kipuuzi, umelikuza. Mjumbe anafaa matusi yakiwa yamefika kwa wazazi, au nyumba mbili zimeingiliana, au mume na mke wameachana chumba.

Chagua mtu anayesikizwa pande zote mbili: mzee wa mtaa, imamu, maalim wa chuo cha Qur'ani, ami au mjomba. Kwa wanawake mara nyingi somo wake mtu, yule aliyemfunda alipoolewa, hufaa kuliko jamaa wa damu, maana anajua mengi na hasemi. Kazi ya mjumbe si kuhukumu. Anakwenda, anakaa, anasema, "Nimetumwa, na sikuja kushika upande. Fulani ataka kuja kwako. Aje?" Anarudi na siku, au anarudi na lalamiko. Akirudi na lalamiko, msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Hiyo ndiyo faida ya kumtuma: uchungu wa mwenzio unaufikia kwa sauti ya mtu mwingine, nawe una nafasi ya kuufikiria kabla hamjaonana.

Mjumbe asibebe zawadi. Akienda na sahani mkononi, aliyekosewa analazimika kupokea kabla hajasikia neno lolote, na akikataa anaonekana yeye ndiye mwenye roho mbaya.

Kwa mume na mke, Qur'ani katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, imeagiza mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke. Hapa Lamu kuna jambo la kuongeza. Katika familia za kale, mzazi humpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Wakikosana, mara nyingi ni mume anayetoka na kurudi kwa mamake. Basi anayetaka kurudi anaanza kwa mkwewe. Aende peke yake, abusu mkono, akae, aseme, "Mama, nimekuja kutaka radhi yako kwanza." Asimsimulie ugomvi. Mkwe anaujua wote, na upande alioupata ni ule wa binti yake.

Kuingia, mkono na maneno

Piga hodi mara 3. Usipojibiwa, rudi kwako na uje siku nyingine. Usichungulie wala usimwite kwa jina. Ukiwa mwanamume umemwendea mwanamume, kaa dakani mpaka uitwe ndani. Ukiingia, vua viatu, keti pa chini, uache kiti kizuri kwa wenyewe. Salamu zitoe kamili, uulize hali ya watoto na ya wazee. Kisha nenda moja kwa moja:

"Nimekuja kukutaka radhi. Siku ile nilikwambia neno mbele ya watu, na halikuwa neno la kusema. Kosa ni langu. Niwie radhi."

Maneno hayo yana mambo manne: umesema umekuja kufanya nini, umelitaja kosa lenyewe, umelichukua, umeomba. Usiongeze la tano. "Lakini na wewe" inafuta yote. "Kama nimekukosea" nayo ni mbaya vilevile, kwa kuwa yeye anajua umemkosea, wewe unajua, na aliyekuwapo anajua.

Mkono hutegemea mtu. Kwa mzee, kwa mzazi, kwa maalim wako, utwae mkono wake wa kulia kwa mikono yako miwili, uinamie, uubusu mgongoni mwa kitanga. Usiuvute mkono wake uje mdomoni kwako. Wewe ndiye unayeufuata uliko. Mama waweza kumbusu kipaji cha uso pia, naye mama mtake radhi ya dunia na akhera, hata kama ugomvi wenyewe ulikuwa wa ndoo ya maji. Kwa rika yako, peaneni mikono, mkumbatiane, kisha kila mmoja auweke mkono wake kifuani. Baina ya mwanamume na mwanamke wasio jamaa hakuna kupeana mkono. Mkono wa kifuani unatosha, na maneno yasemwe mbele ya mtu wa tatu.

Halafu nyamaza. Huenda mwenzio akaeleza uchungu wake, na huenda akaeleza kwa urefu, akarudi hata kwa mambo ya miaka iliyopita. Mwache. Wengi huharibu hapa, kwa kusahihisha kijambo kimoja, "siyo Jumanne, ilikuwa Jumatano". Iwe Jumanne.

Zawadi: kipimo chake

Kipimo ninachokishauri ni hiki: zawadi iwe ndogo kiasi kwamba mwenzio aweza kukurudishia mfano wake wiki ijayo bila kukopa. Zawadi kubwa humfunga aliyekosewa. Sasa ana kosa lako moyoni na wema wako mabegani, na hawezi kuvisema vyote viwili. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono miezi mizima ni ya harusi, au ya kumheshimu mwalimu. Usiitoe kwa sababu ya wavu uliochanika. Hata mkeka mzuri wa kijiji cha Kipungani naona ni mzito kwa ugomvi wa majirani. Ungoje Idi.

Sahani

Hii ndiyo zawadi ya msingi baina ya nyumba na nyumba, nami naiona bora kuliko zote.

Pika kile unachokipika vizuri, si kile cha gharama. Mahamri na mbaazi za nazi kwa asubuhi, kaimati au mkate wa sinia kwa jioni, wali wa nazi na samaki wa kupaka ukitaka kufanya kikubwa. La muhimu ni kwamba unamtolea yeye kabla watu wako hawajala. Sufuria ikifunuliwa, mkono wa kwanza uwe wa sahani hiyo. Chakula kilichobaki kinajulikana, hata ukikipamba.

Tumia sahani ya nyumbani, ile mnayoilia wageni. Siku hizi watu wanatuma kwa makopo ya plastiki ya kutupa, na nasikitika kuona hivyo, maana kopo halirudi na sahani lazima irudi. Kurudi kwake ndiko kunakozungumza. Funika kwa kawa au kitambaa safi. Mtume mtoto aliye mkubwa wa kutamka salamu na mdogo wa kutoulizwa maswali. Mfundishe aseme, "Mama awasalimu, asema hii ni ya chai yenu," na asiongeze kitu. Ugomvi usitajwe.

Anayepokea humimina chakula katika chombo chake, huosha sahani, na hutia kitu ndani kabla ya kuirudisha: embe mbili, ndimu, mayai, kikombe cha sukari, chochote kilichopo. Sahani hairudi tupu. Hapo utajua ulipofika. Ikirudi siku ileile, mkononi mwa mwenyewe na si kwa mtoto, jambo limekwisha. Ikirudi kesho na mtoto, ina embe ndani, umesamehewa na bado kuna haya kidogo. Salimia ukimwona, mengine yatakuja yenyewe. Ikirudi imeoshwa na haina kitu, moyo bado una jeraha, ungoje. Ikirudi na chakula chako hakikuguswa, usitume nyingine, tafuta mjumbe.

Usikimbilie kuhukumu, hata hivyo. Huenda nyumba ile haina kitu wiki hiyo, na ndimu tatu kutoka kwao zina uzito kuliko kilo ya sukari kutoka kwako.

Vitu vingine vya kubeba

Halua na kahawa chungu ni vya wanaume na baraza. Nunua robo kilo, ipeleke pale mnapokaa siku zote, mwite mwenzio mle pamoja na waliokuwapo siku ya ugomvi. Ikiliwa na wote, wote wamekuwa mashahidi.

Mvuvi hupeleka kitoweo. Chagua samaki mwenyewe, tafi wawili wabichi au changu, umtungie kwenye ukuti au umtie kikapuni, umpelekee kabla hujauza, si baada ya wateja kuchagua.

Kwa mke, asumini haina mshindani. Vikonyo huchumwa alasiri vingali vimefumba, hutungwa kwa sindano na uzi mmoja mmoja, na ikifika magharibi vinafunguka vyenyewe na nyumba nzima inanukia. Kikuba, yaani kishada cha maua na majani ya kunukia, chenye rehani na kilua ndani ni bora zaidi. Ongeza kipande cha udi kwa chetezo. Ila mume aliyekwisha kutaka radhi kwa maneno ndiye anayeingia na asumini. Asiyesema akaingia na asumini ataulizwa amefanya nini tena.

Leso inataka akili. Doti moja ni zawadi nzuri kwa mama, wifi, jirani, mke, lakini leso ina jina, na jina husomwa na mtaa mzima. Usinunue kwa rangi. Lifungue jina dukani, lisome, umpe na mwenye duka alisome kwa sauti. "Hasidi hana sababu" ukimpelekea jirani uliyemkosea, umeanzisha vita vya pili. Hata "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", ambayo wengi huiona ndiyo yenyewe, mimi sishauri itoke kwa mkosaji. Ni neno la aliyekosewa kulisema. Wewe uliyeumiza huna haki ya kumwambia kwamba yaliyopita si ugonjwa. Tafuta jina lenye dua, shukrani au sifa. Kwa mama, "Nani kama mama" haikosei. Doti usiikate. Mwenyewe ataikata na kuipinda. Wako mashoga ambao baada ya kupatana hukata doti moja, kila mmoja akachukua kipande chake, na wakijifunga siku moja mtaa unajua bila kuambiwa.

Pesa taslimu usipeleke. Inafanya radhi ifanane na faini.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosewa

Mtu akikujia nyumbani amekwisha kuvuka mahali pagumu. Mkaribishe, umpe hata maji, asitoke na koo kavu. Ukiwa tayari, mjibu, "Nimekuwia radhi, nawe niwie," kwa kuwa ni nadra mmoja kuwa safi kabisa. Ukiwa hujawa tayari, sema hivyo kwa upole: "Nimekusikia. Nipe siku." Hilo ni jibu la haki na halimvunji mtu. Kibaya ni kupokea halua, kusema yamekwisha, kisha kukisimulia kisa kwenye kila harusi.

Nyakati zinazofungua mlango

Ramadhani ni rahisi kuliko miezi yote. Sahani za futari zinapita nyumba hadi nyumba kila jioni, na yako ikipita kati yao hakuna anayeshangaa. Mwenye kuona haya aanzie hapo, na kabla ya mwezi kuandama watu hutakana radhi hata wasiogombana. Idi nayo: wapeleke watoto wako wakampe mkono, kisha ufuate mwenyewe. Anayekwenda Hija huzunguka kuwaaga watu na kutaka radhi. Usimwache akusafirie na kinyongo chako.

Msiba ni jambo jingine. Mkiwa mmenuniana na kukafiwa kwake, nenda. Nenda mapema, ukae palipokaa watu, ubebe kinachobebwa, ule kinacholiwa. Usitake radhi pale, si mahali pake, na usitarajie salamu ndefu. Lakini kutokwenda ni kosa ambalo nimeona likishinda kosa la kwanza, na sahani yoyote haitoshi kulifuta.

Akikataa

Kuna yanayokataa sahani kwa asili yake. Mirathi, ndoa na talaka za Waislamu zina mahakama ya kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mpaka wa shamba una wazee na ofisi zake. Usiyafunike kwa halua. Yaamuliwe kwanza, mpatane baadaye.

Kwa mengine, akikukatalia mara ya kwanza rudi nyuma, uache wiki kadhaa, utume mjumbe mwingine, si yuleyule. Akikataa tena, usimfuate nyumbani wala usimlalamikie mtaani. Mtolee salamu kila mnapokutana, ajibu asijibu, na watoto wako wasiwakatae watoto wake kwenye mchezo. Sahani ya Ramadhani mpelekee kama unavyowapelekea majirani wengine, ya kiasi kilekile.